Mto wa Kukalia na Kongoni wa Bonde la Kaya

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mwaka 1971, mlango wa ndege ulifungwa nyuma yangu kwa mara ya kwanza maishani, na mtu aliyeketi upande wangu wa kushoto akanipa mfuko wa karatasi uliokuwa bado na harufu ya karanga.

"Karanga imekwisha," akasema. "Sasa mufuko iko yako. Kama tumbo inapanda, usiangalie chini. Angalia mbali, kwa mulima."

Nikamuuliza kama kazi niliyoajiriwa kuifanya si ndiyo hiyo ya kuangalia chini.

"Ndiyo. Lakini leo kazi yako ni hapana tapikia mimi."

Mtu huyo aliitwa Ramadhani. Alizaliwa Koboko, katika zile familia za Waislamu ambazo babu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan wakabaki. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na kofia nyeupe ambayo sikumwona akiivua hata angani. Karibu yote ninayoyajua kuhusu kuhesabu wanyama kutoka juu nilijifunza kwake. Kilichobaki nilikipata katika vitabu vya hesabu vilivyochanika, ambavyo nilivinunua sokoni Arua kwa wachuuzi waliovitumia kufungia chumvi. Nimestaafu mwezi uliopita. Ninyi mliobaki idarani mmeniomba niandike mambo ya miaka ile, na kwa kuwa vyeo na mishahara mnaweza kuviuliza kwingine, nitaandika juu ya kazi yenyewe.

Siku ile ya kwanza nilitapika mara mbili. Mfuko wa karanga ulitosha.

Kazi yetu ilikuwa kuhesabu kongoni. Kaskazini ya Koboko, kuelekea mpaka wa Sudan, kuna mbuga ndefu katika bonde la Kaya. Wakati wa kiangazi, nyasi za kila mahali zinapokauka na kuchomwa, nyasi za pale hubaki na ubichi kidogo mizizini. Majike wa kongoni walikuwa wakikusanyika hapo kuzaa, wengine wakitoka upande wetu, wengine ng'ambo ya mpaka, na hakuna aliyewadai karatasi za kusafiria. Kila kiangazi ndege ndogo ya injini moja ilikuja kutoka Entebbe na mapipa ya mafuta yakaja kwa lori, nasi tukaruka asubuhi kwa siku chache, kabla joto halijawasukuma wanyama chini ya miti. Mafuta yalikuwa yakipungua nchini mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kila saa ya kuruka ilikuwa imeombewa mahali fulani na mtu fulani.

Ndani ya ndege tulikuwa wanne. Mbele alikaa rubani, Kapteni Wani, Mkakwa aliyejifunzia kazi jeshini na aliyeamini kwamba abiria akinyamaza amekufa. Kando yake alikaa kiongozi wetu, Bwana Andama, kijana wa Onduparaka aliyesoma chuo kikuu. Yeye ndiye aliyeandika namba tulizomwitia. Nyuma, kushoto alikaa Ramadhani, na kulia nilikaa mimi.

Vifaa vyetu vingewachekesha. Ndege ile ilikuwa na mabawa juu, na kila bawa lilishikiliwa na mhimili uliotoka chini ya dirisha kwenda juu kwa mshazari. Kwenye mhimili tulifunga fimbo mbili nyembamba, moja juu ya nyingine. Ukitazama kati ya fimbo hizo ndege ikiwa futi mia tatu kutoka ardhini, unaona ukanda wa nchi ukipita chini kama kitambaa kinachovutwa mezani. Kongoni aliye ndani ya ukanda unamhesabu. Aliye nje, hata akikutazama machoni, si wako. Upana wa ukanda ukishajulikana, na urefu wa safari ukijulikana, unaweza kukadiria mbuga nzima bila kuipekua yote. Fimbo mbili, macho mawili, na kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba ambacho hupandisha namba moja kwa kila kubonyeza. Basi.

Ramadhani alinifundisha kwanza kutowatafuta ndama. Ndama wa kongoni katika siku zake za mwanzo hulala kimya ndani ya nyasi, na kutoka juu huwezi kumtofautisha na kichuguu.

"Tafuta mama," alinifokea kwenye kipaza sauti. "Ile mama iko peke yake, imesimama kama mutu anangoja basi. Unaona? Inaangalia upande ingine kabisa. Mutoto iko nyuma yake. Anafanya kama hapana jua mutoto."

Nilidhani ananitania. Baada ya safari ile alinichukua kwa lori la ofisi hadi kwenye mbuga, tukashuka na kutembea kuelekea mahali ambapo jike mmoja alikuwa amesimama hivyo, ametupa kisogo. Alikimbia tulipokaribia. Ramadhani akaninyooshea kidole miguuni pangu. Nilikuwa karibu kumkanyaga ndama wa rangi ya udongo uliochomwa, shingo yake imelazwa chini, masikio yamebanwa, macho yamefunguka wazi. Hakutikisika hata inzi alipotua puani mwake.

"Usiguse," akaninong'oneza. "Ukigusa, mama atasikia sabuni yako."

Tukarudi kinyumenyume. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, na kila nikimwona jike amesimama peke yake akitazama upande usio na kitu, bado mwili wangu unataka kurudi kinyumenyume.

Sasa nifike kwenye mwaka wa tatu, ambao ndio mlioniulizia.

Wakati ule bodi ya wilaya pale Arua ilikuwa imepelekewa mpango wa kuifanya mbuga ile ranchi ya ng'ombe. Wapimaji walikuwa tayari, seng'enge zilikuwa njiani. Afisa wa mifugo, mtu mtulivu aliyependa kusikiliza mpaka mwisho, aliuliza swali ambalo hata leo nalihesabu kuwa la haki: kama kongoni wanapungua wenyewe, kwa nini ardhi ikae bure? Bwana Andama alijibu kwamba hawapungui. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumehesabu vizuri, na wazee wa pande zile walikuwa wamekubali kuahirisha kuchoma nyasi na kuwinda mpaka ndama wapate miguu. Bodi ikaamua kungoja hesabu moja zaidi. Kama kundi lingekuwa limesimama pale pale au kuongezeka, mbuga ingefungwa kila msimu wa kuzaa. Kama lingekuwa limeshuka, wapimaji wangeingia mwezi huo huo, na mahali pa kuzalia pangekwisha.

Kwa hiyo mwaka ule hatukuwa tunahesabu kwa ajili ya kujaza kabati.

Ndege ilipimwa Entebbe kama kawaida. Huko kulikuwa na alama zilizochorwa kando ya uwanja. Kila mhesabuji alikaa kwenye kiti chake, rubani akaruka juu ya alama, na fimbo zikasogezwa mpaka kila mmoja aone ukanda wa upana sahihi. Kisha tukaja Arua. Siku ya kwanza ya kazi ilikwenda sawa, ila Ramadhani alishuka ameshika kiuno. Turubai la kiti chake lilikuwa limelegea, na chuma cha chini kilikuwa kikimchoma.

Mkewe, Kaltuma, ambaye sote tulimwita Hajati kwa heshima tu, hakuwa mtu wa kusikia malalamiko mara mbili. Kesho yake asubuhi Ramadhani alifika uwanjani na mto wa kukalia, umeshonwa kwa kitambaa cha maua mekundu, umejazwa pamba ya mashamba ya Manibe, mnene na mgumu kama tofali.

"Hajji!" Kapteni Wani alimpokea. Alimwita Hajji ingawa Ramadhani hakuwa amefika mbali kuliko Entebbe. "Leo unasafiri na bibi?"

"Bibi iko nyumbani. Hii ni pendo yake."

"Pendo yake nzito. Nitaongeza mafuta."

Bwana Andama alikuwa upande wa pili wa ndege akikagua fimbo. Alipoingia alikaa mbele kama siku zote, uso kwa kioo, karatasi magotini. Hakuuona mto ule.

Kuanzia siku hiyo namba za kushoto zikaanza kushuka. Upande wangu wa kulia ulikuwa kama mwaka uliopita, pengine juu kidogo. Upande wa Ramadhani ulikuwa chini, kesho yake chini, keshokutwa chini tena. Tulibadili mwelekeo ili kushoto kuwe kulia, tukaruka kusini kwenda kaskazini badala ya kaskazini kwenda kusini. Bado upande wa Ramadhani uliita namba ndogo, popote tulikopita.

"Kongoni inakuogopa, Hajji," Wani alisema. "Ikiona kofia yako inahama."

Hakuna aliyecheka sana. Jioni tulikuwa tukikaa nyuma ya ofisi, tukila kisra, ule mkate mwembamba wa Kaltuma, na Bwana Andama alikuwa akijumlisha. Nilimwona akijumlisha tena kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayetumaini kwamba namba zikishtukizwa zitabadilika. Hazikubadilika. Ukiunganisha pande zote mbili, kundi lilikuwa limeshuka vya kutosha kwa bodi kusema kwaheri.

"Pengine wamevuka mpaka," nilisema.

"Pengine," alijibu. "Lakini bodi haitauliza wamekwenda wapi."

Zilibaki siku mbili. Asubuhi ya siku ya kwanza kati ya hizo tuliruka juu ya sehemu ya kati ya mbuga, na tangu mstari wa kwanza wa kuruka niliona mabega ya Bwana Andama yakikaza. Ramadhani alikuwa akiita namba kubwa. Mstari wa pili, kubwa. Mstari wa tatu alizizidi hata namba nilizokuwa naziita mimi upande wa kulia, nami nilikuwa na kundi zuri. Tulipotua, Andama hakushuka. Aligeuka kwenye kiti chake.

"Mzee Ramadhani," akasema, "jana jioni umenisikia nikisema habari za bodi."

"Nilisikia."

"Na leo kongoni wamejaa."

Ilichukua muda kidogo kabla Ramadhani hajaelewa alichoambiwa. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nilitamani kuwa mahali pengine.

"Bwana Andama," akasema taratibu, "mimi nimehesabu kongoni wakati wewe iko nahesabu kalamu ya shule. Kama naona tano, nasema tano. Kama naona moja, nasema moja, hata kama ile moja inauma roho yangu. Ile mbuga ni kwetu. Mama yangu alikata nyasi ya nyumba pale. Unafikiri mimi iko nataka idanganywe? Nikidanganya kwa kuokoa, mwaka kesho mutu ingine atadanganya kwa kuharibu, na yeye atasema alijifunza kwangu."

Hakupaza sauti. Alifungua mkanda, akashuka, akaanza kutembea.

Andama alibaki amekaa. Alisema, bila kumwambia mtu hasa, kwamba hawezi kuipelekea bodi namba zinazopanda siku moja kwa mtu mmoja. Ingebidi azifute namba zote za kushoto, na kwa nusu ya kazi bodi haitakubali kitu. Vyovyote vile mbuga ilikuwa imekwenda.

Kapteni Wani alikuwa akizunguka ndege akigusa hiki na kile, kama ilivyo desturi ya marubani wasiotaka kuingia kwenye ugomvi. Ramadhani alipopita karibu naye, akamtupia neno ili kumchangamsha.

"Hajji, leo umekuwa mufupi! Siku zote nikigeuka naona kofia yako kwa dirisha yote. Leo naona paji ya uso tu. Bibi amekata miguu?"

"Ufupi ni ya Mungu," Ramadhani alijibu kwa hasira, akiendelea kutembea. "Mto iko kwa Kaltuma. Ameianika kwa jua."

Bwana Andama akatoa kichwa nje ya mlango.

"Mto gani?"

Ramadhani hakugeuka, na Wani alikuwa ameshainama kwenye gurudumu.

"Kapteni, mto gani?"

"Mto ya kukalia, afande. Ya maua. Amekaa juu yake wiki nzima."

Andama alishuka, akaingia mlango wa nyuma, akakaa kwenye kiti cha Ramadhani na kutazama fimbo. Kisha akajiinua kwa mikono kadiri ya unene wa tofali, akatazama tena. Akashuka, akajiinua tena. Mtu aliyepita mbali angedhani amepata wazimu wa viti.

"Njoo ukae hapa," akaniambia. "Tazama ukanda uko wapi. Haya, jiinue. Sasa uko wapi?"

Nilikaa na nikaona. Jicho likipanda, mstari wa macho unaopita kwenye fimbo unateremka kwa kasi zaidi, na ukanda wote unavutwa karibu na ndege na kuwa mwembamba. Mtu aliyekaa juu ya mto alikuwa akitazama shamba dogo kuliko tulilodhani. Ramadhani alikuwa amesema kweli siku zote, siku za mto na siku isiyo na mto. Alikuwa amehesabu kila kilichokuwemo kati ya fimbo. Kilichopungua ni nchi, si kongoni.

Andama alimkimbilia. Sikusikia maneno ya kwanza, ila nilimwona Ramadhani amesimama amempa kisogo, akitazama upande usio na kitu. Mwishowe akageuka.

"Basi pima," nilimsikia akisema walipokuwa wakirudi. "Kama iko kweli, pima. Mimi nataka kipimo. Pole yako weka kwanza."

Kupima kulihitaji alama, na alama zilikuwa Entebbe. Uwanja wa Arua ulikuwa changarawe tupu na mbuzi. Hapo nilikumbuka madebe. Kule Oli, kando ya mji, alikuwapo mfanyabiashara aliyetoka Kongo, Mama Mapendo, aliyekuwa akiuza mafuta ya mawese, na uani kwake madebe matupu yalipangwa mpaka kimo cha ukuta. Nilikwenda na lori la ofisi.

"Muko nataka madebe ngapi?" akaniuliza.

"Ishirini na tano, mama. Ya kukodi."

"Mutaweka nini ndani?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu!" Akawageukia wanawake waliokuwa wakichuja mafuta. "Muko nasikia? Mutu ya serikali anakuja na lori kubeba debe ya bure. Mutayafanya nini, baba?"

"Tutayapaka chokaa, tuyapange uwanjani, halafu tutayahesabu kutoka kwa ndege."

Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Baba yangu, ishirini na tano ni ishirini na tano. Hesabu hapa chini. Kwa nini mutu apande mbinguni?"

Lakini alitoa. Sharti lake lilikuwa moja: yarudi yote, na litakalorudi limebonyea litalipiwa kama jipya.

Kaltuma, aliyekaa Oli hiyo hiyo, naye alitembelewa. Bwana Andama alisimama mlangoni na kuuliza, kwa adabu nyingi, kama mto ule ulikuwa umebadilishwa kitu.

"Nimeianika tu. Pamba ni ile ile. Unafikiri mimi iko mwizi ya pamba?"

"La, Hajati. Ni kwamba jua huinua pamba. Tunauhitaji uwe umelala kama ulivyokuwa."

"Basi hiyo si kazi ya serikali," akasema, "hiyo ni kazi ya makalio." Akamwita mumewe, akamkalisha juu ya mto kwenye ukumbi tangu alasiri mpaka chakula cha jioni, akimkataza kuinuka ila kwa sala. Watu wa Oli walipopita na kuuliza anaumwa nini, alijibu kwamba yuko kazini.

Asubuhi tulipanga madebe kandokando ya uwanja, meupe, kwa nafasi sawa. Wani aliruka futi mia tatu na kuukatiza mwisho wa uwanja, ili safu nzima ienee upande wa kushoto. Ramadhani alikaa kwenye kiti kitupu. Mara nne tulipita, na mara nne aliita madebe kumi kati ya fimbo. Tukatua, akaweka mto, tukapita tena mara nne. Saba. Saba. Saba. Saba. Kisha tukageuka, safu ikaja kulia, na upande wangu, ambao haukuwa na mapenzi ya mtu yeyote chini yake, niliona kumi.

Kila kongoni saba wa siku za mto walikuwa wamesimama mahali pa kumi. Bwana Andama alifanya hesabu ile mbele yetu sote, akiwa amepiga magoti kwenye changarawe na karatasi juu ya debe. Alipomaliza, akampa Ramadhani ile karatasi aishike. Kundi halikuwa limeshuka. Lilikuwa juu kidogo ya mwaka uliopita.

Hata hivyo Andama alijua jinsi jambo lile lingesikika pale bodi: kongoni walikuwa wachache, halafu ukapatikana mto, na sasa ni wengi. Kwa hiyo hakupeleka maelezo. Alimwomba afisa wa mifugo aje uwanjani. Mtu yule alikuja amevaa tai, akasikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akasema, "Nipandisheni."

Alikaa kwenye kiti cha Ramadhani bila mto, akahesabu. Akakaa juu ya mto, akahesabu. Alikuwa mrefu kuliko Ramadhani, kwa hiyo namba zake hazikuwa zetu, lakini za mto zilikuwa pungufu kila mara, na aliziita mwenyewe kwa kinywa chake. Katika kutua mara ya mwisho mbuzi wa mtu alikatiza njia. Wani akakwepa, na gurudumu la kushoto likapanda juu ya madebe mawili. Ndege haikupata hata mkwaruzo. Madebe yalikuwa kama chapati.

Afisa alishuka, akajifuta vumbi kwenye tai, akautazama mto.

"Nani ameushona huu?"

"Bibi yangu," Ramadhani akasema, kwa tahadhari.

"Anishonee na mimi mmoja. Kiti cha ofisi yangu ni kibaya zaidi." Kisha akamgeukia Andama. "Ng'ombe watafute mahali pengine. Nitawaambia hivyo bodi."

Na aliwaambia. Mbuga ikafungwa msimu wa kuzaa, seng'enge zikapelekwa upande wa pili wa wilaya, na kiangazi kilichofuata majike walisimama tena peke yao katika bonde la Kaya, wakitazama upande mwingine kabisa.

Pole ya Bwana Andama ilitolewa kwa namna ya heshima. Alikwenda nyumbani kwa Ramadhani mchana, mbele ya majirani, na kilo mbili za sukari, wakati ule sukari ilipokuwa ikipatikana kwa kunong'onezana. Alisema mbele ya wote kwamba alimtilia shaka mtu wakati kosa lilikuwa kwenye kiti. Ramadhani aliipokea sukari, akasema chai inachemka, na habari ile haikutajwa tena na yeyote kati yao. Kaltuma ndiye aliyeitaja, kila alipotaka kumkumbusha mumewe kwamba mapenzi yake yana uzito unaopimika.

Tangu mwaka ule tuliweka utepe mweusi kwenye kioo cha kila dirisha la nyuma. Mhesabuji hawezi kuita namba mpaka utepe na fimbo vimelingana machoni pake. Mkikaa juu, mkikaa chini, mkikaa juu ya kitabu, utepe utawaambia. Nasikia baadhi yenu mnauona kama urembo. Naomba msiubandue.

Tuliendelea hivyo miaka kadhaa, safari zikipungua kadiri mafuta yalivyopungua. Mwaka 1979, vita vilipotufikia, ndege haikuja tena, na ofisi yetu ya Arua ilichukuliwa kila kitu mpaka bawaba za milango. Ramadhani na Kaltuma walivuka mpaka pamoja na watu wengi wa Koboko. Alirudi baadaye, mvi zimemjaa, akaniuliza swali moja kabla hata ya kuketi: wanazaa bado? Tukaenda Koboko, na kutoka hapo kwa miguu, kwa kuwa mabawa hatukuwa nayo. Alisimama ukingoni mwa mbuga muda mrefu, mkono juu ya macho, kisha akanigusa bega na kuninyooshea kidole. Jike mmoja, peke yake, ametupa kisogo. Nyuma yake mwingine. Hatukukaribia.

Wiki iliyopita, kwenye chai ya kuniaga, binti mmoja mgeni idarani, mwenye akili ya uhasibu, aliniuliza kosa la mto liliigharimu serikali kiasi gani. Nilimjibu kwa uangalifu. Mafuta hayakuwa hasara, kwa kuwa pipa la akiba liliwekwa kwa ajili ya kupima na kwa kupima ndiko lilikokwisha. Chokaa tulipewa na mafundi wa jirani. Kodi ya madebe Mama Mapendo aliisamehe, alipoelewa mwishowe kwamba tulikuwa tukihesabu kitu kingine. Ila yale mawili yaliyokanyagwa hakuyasamehe, nasi tulimlipa kila moja kama jipya. Hasara yote, kwa mbuga nzima, shilingi kumi na nne.